Fidla, selo na upinde wa kutengenezwa kwa mkono: kagua hivi kabla hujatoa hela

Ami yangu wa Unguja alinipigia simu saa nne usiku, anaongea kwa sauti ya chini kabisa kama mtu aliyeokota dhahabu. "Mwanangu, nimefungua kabati la marehemu babu yako, ile fidla yake ndani ina karatasi imeandikwa Antonius Stradivarius Cremonensis Faciebat Anno 1721. Usimwambie mtu." Nikamwambia shikamoo ami, hebu isogeze kwenye taa unisomee na yale maandishi madogo ya chini kabisa. Akasoma taratibu, herufi moja moja: Made in Germany. Kimya. Karatasi inadai imetengenezwa na Stradivari, yule fundi fidla mashuhuri kuliko wote, mwaka 1721. Stradivari alikufa Cremona, Italia, Desemba 1737, na Ujerumani hakuwahi kufungua karakana.

Basi toka siku ile nikawa natumiwa picha za karatasi, jamaa wa vikundi vya taarab, waalimu wa muziki wa kanisani, wazazi ambao mtoto kaambiwa shuleni alete fidla, wote wanaanza na picha ya karatasi. Ndo maana nimeamua niandike hii yote mara moja, kwa mpangilio ambao mi mwenyewe naufuata nikishika chombo mkononi, na utaona karatasi nimeiweka mwanzo ili tuimalize tuendelee na mambo ya maana.

HATUA YA 1: Soma karatasi halafu isahau

Chungulia kwenye tundu la herufi f upande wa kushoto, piga tochi ya simu, utaiona imebandikwa mgongoni kwa ndani. Hizo karatasi zilichapishwa kwa maelfu. Mji wa Markneukirchen kule Saxony, Ujerumani, ulikuwa na chama cha mafundi fidla tangu 1677, na kufika miaka ya 1800 kazi ilishakuwa ya kugawana nyumba kwa nyumba, huyu anachonga shingo tu, yule migongo tu, mwingine anaunga, tajiri anakusanya na kusafirisha. Marekani watu walikuwa wanaagiza "Stradivarius" kwenye katalogi ya Sears kama unavyoagiza cherehani. Kwao wale jina lilimaanisha umbo limefuata ramani ya Stradivari, hata hawakuona kama wanadanganya mtu, ni sisi wajukuu ndo tunapagawa.

Ila karatasi ina kazi moja nzuri, kukadiria umri. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890, ile inaitwa McKinley, ililazimisha bidhaa ya nje iandikwe nchi ilikotoka, kwa hiyo ukikuta neno Germany ujue ni baada ya hapo. Ukikuta Czechoslovakia ni baada ya 1918 maana kabla ya hapo nchi yenyewe haikuwepo. Fidla ya ami kwa hiyo ni ya baada ya 1890, na hilo sio tusi, zipo za Ujerumani za miaka hiyo zinaimba vizuri sana.

Na ukipigwa na mawazo ya "labda ni yenyewe", za Stradivari zilizobaki duniani ni kama 650, humo selo, yaani ile fidla kubwa ya kupigwa umekaa, ni kama 60 tu, na karibu zote zinajulikana moja moja kwa majina yake na nani anayo. Ile ya 1721 inayoitwa Lady Blunt iliuzwa 2011 kwa dola milioni 15.9, hela ikaenda kusaidia waathirika wa tsunami Japani.

HATUA YA 2: Pima kwa rula

Watu wanaruka hii wanakimbilia kupiga. Fidla ya mtu mzima mgongo wake una urefu wa milimita 355 au 356, pima mgongo bila kile kiulimi cha juu kinachoshika shingo. Halafu pima shingo, kuanzia pale nyuzi zinapoingia kwenye ubao wa vidole mpaka ukingo wa uso wa fidla, iwe 130, na kutoka ukingo huo mpaka usawa wa vile vikato vidogo vya katikati ya matundu ya f iwe 195. Milimita mbili hivi sio kesi, lakini ikikosea sana vidole vyako vitajifunza mahali pasipo, siku ukishika fidla ya mwenzio kila noti iko nje. Selo uwiano wake ni 7 kwa 10, yaani shingo kama 280 na huko chini 400.

Ya mtoto usiende kwa umri, nenda na mkono. Anyooshe mkono, kichwa cha fidla kikae kwenye kiganja bila kunyoosha kiwiko mpaka mwisho. Na usimnunulie kubwa "atakua", huo sio uniform wa shule.

HATUA YA 3: Angalia mbao na mkono wa fundi

Hapa ndo utamu ulipo, chukua muda.

Uso unatakiwa uwe wa sprusi, mti wa nchi za baridi wa ukoo mmoja na misonobari, mistari yake imenyooka kutoka juu mpaka chini. Mgongo, mbavu na shingo ni mepo, mti mwingine wa nchi za baridi, ule wenye michirizi inayokatiza kama moto. Sasa michirizi hiyo shika fidla uigeuzegeuze kwenye mwanga: ya kweli inahama, palipokuwa peusi panakuwa peupe na kinyume chake. Ya kuchora kwa rangi inabaki palepale imekutolea macho. Nimeshakuta selo nzima imepakwa michirizi kwa brashi na muuzaji anaapa.

Halafu chungulia unene wa mbao kwenye ukingo wa tundu la f. Ukiona tabaka tabaka kama keki, ni plaiwudi. Plaiwudi sio dhambi, selo ya shule inayobebwa kwenye daladala bora iwe plaiwudi maana haipasuki ovyo, ila usilipie bei ya mbao ya kuchongwa. Mbao ya kuchongwa mistari ya juu inaingia mpaka ndani ya ukingo bila kukatika.

Ukingoni kote kunazunguka kautepe kembamba keusi-keupe-keusi, hiyo ni njumu kama ile ya kwenye masanduku na viti vya pwani, vijiti vitatu vimelazwa kwenye mfereji. Sio urembo mtupu, inazuia ufa wa pembeni usikimbie kuingia katikati. Kwenye fidla za bei ya kutupa wamechora mistari miwili ya wino. Angalia kwenye zile kona nne zenye ncha, fundi mwenye mkono njumu zake zinakutana kwenye ncha moja kali kama mwiba wa nyuki, asiye na mkono zinapishana au zinaishia kwenye donge la gundi.

Kichwa cha konokono nacho kinasema mengi. Ule mfereji unaozunguka nyuma ya kichwa ufuate kwa kidole mpaka unapoingia chini, kwa mbele, karibu na kisanduku cha vigingi. Nyingi za Markneukirchen za bei nafuu mfereji unaishia njiani kabla ya kufika mwisho, maana yule mchongaji analipwa kwa idadi na pale ndani patasi haingii kirahisi, basi anaona nani atachungulia. Wewe chungulia.

Ndani sasa. Omba kioo cha daktari wa meno, au chomoa kigingi cha chini kinachoshika mkia uangalie kwa lile tundu (nyuzi lazima zilegezwe na kijiti cha ndani kinaweza kuanguka, kwa hiyo hii mwachie fundi, na kama si yako omba ruhusa kwanza!). Kuna boriti ndogo ndefu imebandikwa chini ya uso upande wa uzi mnene, na kwenye kona nne kuna vibao vya kushikilia mbavu. Fidla za haraka haraka boriti imechongwa kutoka kwenye uso wenyewe badala ya kubandikwa, na vibao vya kona hakuna kabisa au wameweka vijisahani vya kuziba macho. Hilo likiwa hivyo, karatasi iseme Cremona, iseme Makka, bei inashuka.

HATUA YA 4: Tafuta nyufa, gonga

Kunja kidole, gonga taratibu kuzunguka ukingo wote mbele na nyuma. Sehemu iliyoshika inatoa "ko ko", iliyoachia inatoa "pwa" kama mlango wa kabati bovu. Kuachia ukingoni sio msiba. Hizi zimeungwa kwa gundi ya ngozi ya mnyama, na mafundi wanaipaka nyepesi makusudi ili mbao ikivimba au kusinyaa gundi iachie kwanza kabla mbao haijapasuka, na ili fundi wa kesho aweze kufungua uso kwa kisu butu akatengeneza ndani. Ndo maana fidla ya miaka 300 bado inapigwa. Kwa hiyo nakuomba, nakuomba sana, usibandike na supaglu wala ile gundi nyeupe ya seremala wala araldaiti. Nilipeleka selo kwa fundi mmoja wa fanicha, mtu mzuri tu, akaifunga kwa gundi ya milango na misumari miwili, na yule fundi fidla aliyekuja kuifungua baadae alitoka nayo uso vipande vipande huku ananiangalia mimi.

Nyufa zinatofautiana. Ufa wa kwenye uso, mrefu, uliozibwa vizuri na kushonewa vibao vidogo kwa ndani, unaishi nao. Ufa unaopita pale kinapokaa kile kijiti cha ndani kinachosimama kati ya uso na mgongo, hasa ukiwa mgongoni, ndo mbaya kuliko wote, unaweza kukata nusu ya thamani na zaidi, na kwenye selo uuogope mara mbili kwa sababu presha ya nyuzi ni kubwa. Shingo iliyovunjika na kuunganishwa kwa gundi juu juu achana nayo.

HATUA YA 5: Daraja, kijiti na vigingi, hapa ndo sauti ilipo

Watu wengi wanatupa fidla nzuri kwa sababu ya daraja la shilingi mbili. Daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi juu ya uso, linauzwa likiwa nene na mbichi, fundi anatakiwa alichonge miguu mpaka ikae kwenye tumbo la uso bila hata nafasi ya karatasi kupita, na kimo chake kipimwe mwisho wa ubao wa vidole: fidla uzi mwembamba uwe juu ya ubao kama milimita 3.5 na uzi mnene 5.5, selo kama 5.5 na 8. Ikizidi hapo mtoto analia vidole na we unasema mvivu. Ukiliangalia kwa ubavu, upande unaotazama mkia usimame wima. Likianza kuinama mbele lirudishe kwa vidole viwili huku nyuzi zimelegea kidogo, usipolirudisha litapinda halafu siku moja litaruka kwa kishindo usiku wa manane.

Kijiti cha ndani kinasimama nyuma kidogo ya mguu wa daraja, upande wa uzi mwembamba. Hakina gundi, kimebanwa tu kati ya uso na mgongo. Wataliano wanakiita anima, Wafaransa âme, maneno yote mawili maana yake roho, na hawajakosea maana ukikisogeza chini ya milimita moja sauti inageuka. Ndo maana usitoe nyuzi zote nne kwa mpigo, badilisha mmoja mmoja, ukilegeza zote roho inaweza kuanguka na utaisikia inabiringika mle ndani.

Vigingi vizungushwe viwe laini lakini vishike. Vikigoma au vikiteleza, mara nyingi ni vya kuchongwa upya kufuata tundu. Na hapa kwetu kuna mkanganyiko, ubao wa vidole unaoitwa "ebony" sio mpingo wetu. Ule ni wa ukoo mwingine, mwingi unatoka Kameruni. Mpingo wa Kilwa na Lindi unaishia zaidi kwenye klarineti na obo huko Ulaya. Ila vigingi vya mpingo vipo na vinadumu, mi nilichongewa na fundi vinyago mmoja kwa kufuata sampuli, kazi safi ila ilibidi nimweleze mara tatu kwamba kigingi kinapungua milimita moja kila baada ya 30, akinikosea hapo hakishiki.

HATUA YA 6: Piga, na mpe mwenzio apige

Piga nyuzi tupu kwanza, kwa nguvu na kwa upole. Halafu panda kila uzi noti kwa noti usikilize kama kuna inayokohoa. Selo nyingi tu, hata za bei mbaya, zina noti moja maeneo ya F inayotetemeka na kuunguruma, wenyewe wanaiita mbwamwitu, kuna kachuma kanafungwa kwenye uzi chini ya daraja kanaituliza, isikutishe. Cha kutisha ni mlio wa zzz usiojulikana ulipo, huo mara nyingi ni njumu au ukingo ulioachia.

Kisha mpe mtu mwingine apige, wewe simama mwisho wa chumba, maana fidla chini ya sikio na fidla kule kwa watu ni vitu viwili. Usiangalie bei wala umri wakati unasikiliza. Mwaka 2012 karibu na Paris watafiti waliwafunga wapigaji wakubwa 10 miwani myeusi wakawapa fidla 12, nusu za zamani za Italia zikiwemo za Stradivari, nusu mpya. Walipoulizwa ipi wangechukua, 6 kati ya 10 walichagua mpya. Basi na wewe usione aibu kupenda ya bei ndogo.

HATUA YA 7: Upinde, usiufanye nyongeza

Kosa la pwani nzima ni hili, mtu anatoa milioni kwenye fidla halafu upinde anachukua ule wa bure uliokuja kwenye kesi, lile sanduku la fidla. Nusu ya mkono wako iko huko.

Umbo la upinde tunalolitumia leo lilikamilishwa Paris na François Xavier Tourte, aliyefariki 1835, ambaye mwanzoni kabisa alisomea ufundi wa saa. Ndo yeye aliyekuja kutulia kwenye mti wa pernambuko kutoka Brazili, mzito, unanyumbuka na kurudi, unapindwa kwa moto ukakaa. Baadae wakaja mafundi kina Dominique Peccatte mzaliwa wa Mirecourt, Ufaransa, na Eugène Sartory. Sasa kichekesho: pinde za Kijerumani za bei rahisi zimepigwa muhuri TOURTE kwa wingi usio na idadi, wakati Tourte mwenyewe karibu hakuwahi kupiga muhuri pinde zake. Kwa hiyo ukiona muhuri huo ujue karibu kwa hakika sio wake.

Kukagua: legeza nywele za upinde, shika kwenye kizibo cha nyuma, funga jicho moja utazame fimbo kama unavyolenga manati. Inyooke, isiende kushoto wala kulia. Kaza nywele utazame tena, zipo zinazonyooka zikilegezwa na kupinda zikikazwa. Chunguza kichwa kwa makini, ufa wa kichwani umeua upinde. Weka kwenye mizani ya jikoni ya dijitali, fidla ni karibu gramu 60, selo karibu 80. Halafu ulaze katikati ya uzi uvute taratibu, ukitetemeka wenyewe kama mtu mwenye homa, rudisha.

Maoni yangu, na najua wazee watanuna: kama uko Unguja, Mombasa, Tanga au Dar na hela ni ya mawazo, nunua upinde wa kaboni. Unyevu wetu hauuwezi, hauibiwi sana, na pernambuko tangu 2007 iko chini ya CITES, mkataba wa dunia wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Upinde wa zamani wenye ncha ya pembe ya ndovu ndo kabisa, usipande nao ndege bila vibali, afisa wa forodha hataki kujua habari za Paris.

HATUA YA 8: Kuagiza mpya kwa fundi

Cremona leo ina karakana zaidi ya 100 na shule ya ufundi iliyoanza 1938, ufundi wao UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake 2012. Fundi mmoja anatumia masaa 200 na kuendelea kwenye fidla moja kabla hata vanishi haijakauka, kwa hiyo bei yake ni maelfu mengi ya euro na foleni juu. Kama huna, Xiqiao kule Jiangsu, China, wanatoa fidla nyingi sana, na ndani ya hizo nyingi zipo za kuchongwa kwa mkono zenye heshima, ila hapo ndo hatua 2 mpaka 6 zinakuhusu kuliko mtu yeyote. Omba picha za kichwa kwa nyuma, kona za njumu, na ukingo wa tundu la f kwa karibu. Muuzaji anayetuma picha ya karatasi peke yake muache. Na tenga hela ya fundi wa kurekebisha daraja na kijiti ikifika, karibu zote zinafika hazijatulia.

HATUA YA 9: Kuishi nayo huku kwetu

Mbao hizi zinapenda unyevu wa kati ya asilimia 40 na 60, na sisi pwani tunalala juu ya hapo. Unyevu ukizidi shingo inashuka na nyuzi zinapanda juu, vigingi vinaganda. Lakini hatari kubwa ni safari, mtu anatoka Zanzibar anahamia Dodoma mwezi wa saba, mbao inasinyaa wiki mbili, uso unapasuka. Weka kipande cha sponji chenye unyevu, kilichokamuliwa vizuri, ndani ya kiboksi cha sabuni ulichokitoboa matundu, kaa nacho kwenye kesi. Kwenye gari lililoegeshwa juani usiiache hata dakika kumi, ile gundi ya ngozi italainika na utakuta shingo imeinama kama inasujudu.

Ukimaliza kupiga futa rozini, ule unga wa utomvu unaotoka kwenye nywele za upinde, kwa kitambaa kikavu. Spiriti usiiguse, inayeyusha vanishi. Legeza nywele za upinde kila siku, na zibadilishwe kila miezi sita mpaka mwaka kama unapiga sana. Na kama ni kesi iliyokaa kabatini muda mrefu kama ya ami, usishangae ukifungua ukakuta nywele zimekatika nyingi upande mmoja, zinaning'inia. Kuna vidudu vidogo vinakula nywele za farasi na vinapenda giza. Toa kila kitu, pitisha vakyumu kwenye kila kona ya kesi, iache wazi juani kutwa mbili tatu ikiwa tupu, nywele tupa zote uweke mpya, halafu uwe unaifungua angalau mara moja kwa wiki. Ami sasa anaifungua kila siku, anasema ni kwa ajili ya vidudu.